Kutoka Bandani: Waranti



Mwaka jana katika ukurasa huu niliahidi kwamba mara hii nitaeleza namna ya kuwamba upya kitanda cha kamba. Ahadi hiyo sikuitimiza, na mhariri wetu ameshanisamehe, ijapokuwa mke wangu hajanisamehe, kwani kitanda chenyewe bado kimesimama ukutani hakina kamba hata moja. Kumeingia jambo jingine bandani kwangu likanishughulisha mwaka mzima. Tena katika jambo hilo nimegundua kwamba miaka yote hii ninayoandika humu nimekuwa nikisema neno moja ambalo si kweli. Waliolisoma wanastahiki kusahihishiwa.

Jambo lenyewe ni msumeno. Mwezi wa Agosti mwaka 2024 mpwa wangu alirudi kutoka Unguja, na ndani ya sanduku lake, umelazwa mshazari na kuviringishwa khanga mbili, mlikuwa na msumeno wa marehemu Baba, Mungu amrehemu. Waliowahi kukaa kwetu Mlandege wataukumbuka. Baba alikuwa na misumeno mitatu, lakini huu ndio uliokuwa na jina lake peke yake. Akisema, "Nileteeni Waranti," basi kila mtu nyumbani alijua kwamba mbao za kupasua zimefika, na kwamba siku hiyo hapana kulala mchana.

Jina hilo tulilitoa kwenye kifungo kikubwa cha shaba kilichoko katika mpini, ambacho kimeandikwa Warranted Superior. Sisi watoto tuliamini kuwa ndilo jina la bwana aliyeutengeneza. Hata mimi nilipokuwa mtu mzima, nina ndevu zangu, nilimwambia Mwingereza mmoja sokoni kwamba baba yangu alikuwa na msumeno wa Bwana Warranted wa Uingereza. Yule mzee alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe maneno yale si jina la mtu wala la kiwanda. Ni sifa tu ya bidhaa, na viwanda vingi vilitia vifungo vya namna hiyo, hasa katika misumeno iliyouzwa bila ya jina kubwa. Juu ya bapa palikuwa na maandishi, lakini kutu imeyala, na yaliyobaki ni Cast Steel na Sheffield. Kwa hiyo alikotoka tunakujua, mji wa Sheffield, ambako katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman alifikia namna ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo hata kikawa safi na sawasawa kote. Wajukuu zangu niliwapeleka Abbeydale, huko huko Sheffield, kuiona tanuri ya vyungu hivyo, na wao wakapenda zaidi magurudumu ya maji.

Sasa nieleze hali ya Waranti ulivyofika. Kutu ilikuwa nyekundu, lakini ya juu juu. Pembe ya juu ya mpini ilivunjika zamani, na Baba aliibadilisha kwa kipande cha mfenesi, ambacho kwanza kilikuwa cha manjano na sasa kimekuwa rangi ya asali. Bapa limenyooka. Hilo ndilo nililolitazama mwanzo, kwani msumeno uliopindika kwa mkunjo ni kazi ya fundi mwingine kabisa, wa nyundo na fuawe, na mimi siiwezi. Tatizo lilikuwa kwenye meno. Ukiutazama ubavuni ukiwa juu ya ubao ulionyooka, safu ya meno imebonyea katikati kama mtumbwi uliopinduliwa juu chini, maana Baba akipasua kwa mikono mifupi mifupi, akitumia katikati ya msumeno kuliko ncha zake. Na kwenye theluthi ya mbele meno yamepishana, moja kubwa, moja dogo, moja kubwa, moja dogo. Mafundi wa hapa huita meno hayo ng'ombe na ndama zao. Hutokea pale tupa inapolalia upande mmoja zaidi kuliko wa pili.

Kabla ya kuendelea niwape faida kidogo wale vijana walioniandikia kuuliza wapate wapi msumeno mzuri kwa bei ndogo. Hapa Uingereza nendeni asubuhi ya Jumapili katika masoko yale ambayo watu hufungua mabuti ya magari yao wakauza vya nyumbani. Mimi nimenunua misumeno kwa pauni 2 na 3. Ushike msumeno kwa mpini, uelekeze mbele, ufumbe jicho moja, utazame mgongo wake na meno yake kama unavyotazama uzi wa cherehani. Ukiona umepinda kidogo kwa mviringo, unaweza kusameheka. Ukiona mkunjo mkali, uache. Kisha uupinde kwa mikono miwili, uuachie. Ukirudi ulivyokuwa, chuma chake ni kizuri. Tazameni pia kutu karibu na meno. Ikiwa imechimba vishimo hapo, meno yatakatika utakapoyapinda.

Na jihadharini na misumeno ya siku hizi yenye meno ya rangi nyeusi au ya buluu kwenye ncha. Meno hayo yameunguzwa kwa umeme kiwandani ili yawe magumu, na kweli hukaa makali muda mrefu, lakini yakiisha yameisha. Tupa ikipita juu yake huteleza kama iko juu ya kioo. Msumeno mzima hutupwa. Mimi sina ugomvi na mtu anayeununua, maana ni rahisi na kunoesha msumeno wa zamani kwa fundi huweza kushinda bei yake. Ila nasikitika kila nikiuona jalalani na mpini wake mzima.

Mlioko Marekani mnayo bahati nyingine. Huko misumeno ya zamani ya Disston ni mingi. Henry Disston alikuwa Mwingereza aliyekwenda Philadelphia na baba yake mwaka 1833 akiwa kijana, na baba akafariki siku chache baada ya kushuka melini. Yule kijana akajifunza kazi, akafungua karakana yake mwaka 1840, na kiwanda chake kikawa kikubwa kuliko vyote vya misumeno nchini humo, mpaka kilipouzwa mwaka 1955. Vifungo vya mipini yao vilibadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo ukikisoma kifungo vizuri unaweza kukisia umri wa msumeno.

Turudi kwa Waranti. Kuondoa kutu hakukunishughulisha. Kwanza nilifungua mpini. Karanga zake za shaba ni za kizamani, zina mfereo pande mbili na katikati parafujo imejitokeza, kwa hiyo bisibisi ya kawaida haiingii. Nilichukua bisibisi kuukuu nikaichonga kwa tupa pengo katikati ya ncha yake, ikawa kama meno mawili ya sungura. Nawaomba msilazimishe karanga hizi kwa bisibisi nzima, zitachubuka na hamtapata nyingine. Bapa nililiparuza kwa wembe, kisha nikasugua kwa msasa wa maji niliouzungusha kwenye kipande cha ubao, pamoja na mafuta ya taa, kwa kufuata urefu wa bapa. Pale penye maandishi nilipita kwa kidole tu. Mpini sikuupiga msasa. Nimeufuta kwa kitambaa na mafuta ya kitani, basi. Ukiushika utaona kidole cha shahada kinapata bonde lake, na bonde hilo halikuchongwa na kiwanda.

Mlioko Maskati na Dubai, hewa yenu ya bahari inakula chuma kama ya Unguja. Futeni misumeno yenu kwa mafuta ya cherehani kila mkimaliza kazi.

Ilipofika zamu ya meno, nilisimama. Msomaji ambaye hakuwahi kunoa msumeno huenda akadhani ni kupitisha tupa tu. Lakini msumeno uliobonyea haunoleki mpaka kwanza uusawazishe. Huchukua tupa bapa, ukaibana kwenye kipande cha ubao ili isimame wima, ukaipitisha juu ya ncha za meno yote kutoka upande wa mpini mpaka mbele, tena na tena, mpaka kila jino limeguswa. Kwa Waranti ilimaanisha kwamba kule mwanzoni na mwishoni nitakata meno yote mpaka yasionekane, nichonge mengine mapya katika chuma kile kile. Kwa maneno mengine, hakuna jino hata moja la Baba litakalobaki. Na yale ng'ombe na ndama ndiyo yatakayotoweka mwanzo.

Nilikaa nayatazama siku nyingi. Nilijiambia kwamba huu ndio mkono wa Baba, na kama alikuwa akilalia upande mmoja, basi hiyo ndiyo sahihi yake. Nani mimi niifute?

Kulikuwa na jambo la pili, zito kuliko hilo. Baba alifariki mwaka 1983. Nyumba iligawiwa, na vyombo vya Mama vikagawiwa, lakini vitu vya karakana havikugawiwa hata siku moja. Vilikaa kwa mdogo wangu kule Unguja kwa sababu yeye ndiye aliyebaki. Watoto wa Baba tulikuwa watano, wawili wanaume na watatu wanawake, na mmoja wa hao dada ameshatangulia, ameacha binti. Msumeno ni mali ya maiti kama nyumba ilivyo. Usipogawiwa na kuridhiana, unabaki wa warithi wote, kila mtu na fungu lake. Sasa fungu la dada katika msumeno ni lipi? Meno ishirini? Mtacheka, lakini mimi niliona sina haki ya kuukata chuma ambacho si changu peke yangu.

Basi nikapiga simu nyumba moja moja. Mdogo wangu alisema, "Kaka, mimi nimekupelekea ukate mbao, sikukupelekea uutungie maombolezo." Dada yangu wa pili, aliyeko Dubai, aliridhia papo hapo. Binti wa marehemu dada yetu, aliyeko Toronto, aliuliza kwanza kama msumeno utatumika au utatundikwa ukutani. Nilipomwambia utatumika, akasema kama hivyo ameridhia, lakini ukitundikwa anataka utundikwe kwake. Nimeiandika hiyo kama alivyosema.

Akabaki Dada mkubwa, aliyeko Maskati. Yeye nilimwacha mwisho kwa sababu nilimwogopa. Ana umri wa miaka 79 na mimi 76, na bado nikimpigia simu hukaa vizuri kwenye kiti.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umeshamwamba mkeo kitanda?"

Nikamweleza habari za Waranti tangu mwanzo. Alisikiliza kimya. Nilipofika kwenye kukata meno akasema, "Usiuguse." Nikamwambia warithi wengine wameridhia. Akasema, "Mimi sijaridhia, usiuguse," akaniuliza hali za watoto, tukaagana.

Nikauweka. Nikautia mafuta, nikauviringisha khanga zake, nikautia juu ya kabati. Hayo yalikuwa mwezi wa Novemba. Miezi mitatu bandani nilifanya kazi nyingine.

Mwezi wa Februari mwaka huu Dada alinipigia mwenyewe. Jambo hilo si la kawaida, kwani kwa desturi yetu mdogo ndiye anayepiga. Aliniuliza, "Yale meno ya mbele, moja kubwa moja dogo, bado yapo?"

Nilishangaa. Sikuwa nimemtajia meno hayo. Nilimwambia msumeno una meno mabovu tu.

"Yapo, Dada. Umejuaje?"

"Nitaachaje kujua? Hayo ni yangu."

Ndugu zangu, hapa ndipo penye masahihisho. Nimeandika katika ukurasa huu, si mara moja, kwamba kunoa msumeno nilifundishwa na Baba. Nililiamini neno hilo. Nilikuwa naona tupa mikononi mwake, naisikia sauti yake usiku, na nilipofika Uingereza mwaka 1971 nikajaribu kwa mkono wangu, nikauharibu msumeno wa kwanza, wa pili ukawa afadhali, nikaona kwamba nimerithi kazi. Lakini Dada aliniuliza swali moja tu, "Ni siku gani Baba alikutia tupa mkononi?" Nikafikiri. Sikuipata siku hiyo.

Akanieleza. Baba alipofika miaka hamsini macho yake yalianza kupungua, naye hakutaka wateja wajue. Fundi asiyeona atapewa mlango gani? Kazi za randa na patasi aliweza kwa kupapasa, lakini meno ya msumeno hayapapasiki. Yanataka jicho. Anayenoa anajua kwa nini. Ukishapitisha tupa bapa, kila jino linapata kijibapa kidogo juu ya ncha, na kijibapa hicho hung'ara mbele ya taa kama kipande cha kioo. Kazi ya tupa ya pembe tatu ni kukiondoa. Unapiga tupa mara moja, unatazama. Mara ya pili, unatazama. King'aro kikitoweka unaacha papo hapo, unaruka bonde moja unakwenda linalofuata. Ukizidisha hata mara moja jino limekuwa fupi kuliko wenzake, na jino fupi halikati kitu. Asiyekiona kile king'aro ananoa gizani.

Ndiyo maana Baba alikuwa akinoa usiku, uani, na karabai imewekwa chini kwa nyuma. Mimi nilidhani ni kwa sababu mchana ana kazi. Kumbe usiku taa ni moja na king'aro kinaonekana, na usiku hapiti mtu. Dada alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alibana msumeno baina ya mbao mbili za mfenesi, akazifunga kamba, Dada akakaa juu ya mwisho wa mbao ili zisitetemeke, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusema tu, "Bado, bado, tayari." Halafu siku moja Baba alimpa tupa. Tangu hapo yeye ndiye aliyenoa Waranti, na ile mingine miwili, mpaka alipoolewa. Mama alijua, na alitaka lisitoke nje, maana watu wangesema nini, mtoto wa kike anakaa juu ya mbao na tupa ya baba yake.

"Na mimi nilikuwa wapi?" nilimuuliza.

"Wewe? Wewe ukirudi Mnazi Mmoja kwenye mpira miguu yote vumbi, ukila, ukilala."

Yale meno ya mbele ni ya mwanzo mwanzo wake. Alikuwa mwepesi, na akikaa mwisho wa mbao huku ananoa, upande wa mbele ulitetemeka, tupa ikalalia mkono wa kulia. Baba alimwambia ayaache, yatakuja kujisawazisha yenyewe akizoea. Kwa kawaida meno ya namna hiyo hayajisawazishi, huzidi. Dada anasema Baba alilijua hilo vizuri kabisa. Alichotaka ni asimvunje moyo mtoto, na msumeno ulikata hivyo hivyo.

Nilimuuliza kwa nini basi alinikataza. Akasema aliposikia naulilia mkono wa Baba, aliona haya kuniambia kwamba ninachokililia ni makosa yake yeye. Kisha akasema, "Yaondoe. Nimekaa miaka sitini na zaidi nayajua yale meno. Yaondoe, lakini usiyaondoe ovyo."

Sikuyaondoa ovyo. Kwanza nilitandaza karatasi nyeupe ndefu juu ya meza, nikaulaza Waranti chini yake, nikasugua kwa kalamu ya risasi mpaka kila jino likajitokeza, kama tulivyokuwa tukifanya skuli kwa sarafu. Nimezipiga karatasi tano, na kila nyumba imepata yake kwa posta. Ng'ombe na ndama wote wamo.

Halafu nikaanza. Kwa wale wanaotaka kufuata: Waranti ni msumeno wa kupasulia, una ncha tano kwa inchi, ukihesabu zile mbili za mwisho wa inchi na zilizo baina yao, na bapa lake ni inchi 26. Kupasua ni kwenda na nyuzi za mbao na kukata ni kupita juu yake, na meno ya kazi hizi mbili hayafanani. La kupasulia ni kama patasi ndogo, limesimama karibu wima na ncha yake ni bapa, kwa hiyo tupa hupitishwa sawa kabisa, mkono haupindi. La kukatia ni kama kisu, na hapo tupa hulazwa kwa mshazari ili ubavu wa jino upate makali. Msinoe mmoja kwa namna ya mwingine. Nimeshaona mtu analaani mbao kumbe ni msumeno wake.

Kusawazisha kulinichukua mchana mzima. Katika ncha mbili za msumeno niliondoa chuma zaidi ya milimita mbili, na pale meno yalikwisha kabisa. Nilipima mengine kwa kutumia ukanda wa karatasi niliochapa kutoka kwenye meno mazuri ya katikati, nikaubandika juu ya bapa, nikachonga kwa kuufuata. Tupa yangu ni ya pembe tatu ya inchi 7. Kipimo cha tupa ni kwamba upana wa uso wake uzidi kidogo mara mbili ya kimo cha jino, ili kila pembe ya tupa ifanye kazi kwa wakati wake na isichakae mbili kwa pamoja. Tena tupa hukata ikienda mbele tu. Ukiirudisha huku imegusa chuma unaiua. Ukisikia inapiga kelele, basi bapa limetoka juu mno katika jiriwa. Lishushe mpaka mabonde ya meno yakaribie mdomo wa jiriwa, kelele itakwisha. Majirani zangu wa hapa ni watu wema, lakini wema una mpaka.

Baada ya kuchonga huja kupinda, jino moja kulia, la pili kushoto, ili njia ya msumeno iwe pana kuliko bapa na lisibanwe. Baba alikuwa na kipande cha chuma chenye mfereo. Mimi natumia koleo ya Eclipse 77, iliyotengenezwa Sheffield, yenye gurudumu dogo lililoandikwa namba za ncha kwa inchi. Mimi huona ukifuata namba yenyewe meno yanapinda kupita kiasi, basi naihamisha kidogo kwenye namba ya juu yake. Pinda nusu ya juu ya jino tu. Ukipinda tangu shina linakatika, na kwa mbao kavu na ngumu mpindo mdogo unatosha. Watu wengi huzidisha hapa. Msumeno uliopindwa mno hukata njia kama ya panya, na mkono unachoka bure.

Ikabaki kunoa kwa mwisho, mapigo mawili au matatu ya tupa kila bonde. Kazi hii hufanywa kwa mikupuo miwili. Mara ya kwanza unaruka bonde moja moja mpaka mwisho, na kijibapa cha kila jino unakipunguza nusu tu. Kisha unaugeuza msumeno katika jiriwa na kuyafanya yale uliyoyaruka, mpaka ving'aro vyote vitoweke. Namna hiyo kama mkono wako unalalia upande mmoja, unalalia sawa kwa pande zote.

Nimefanya upande mmoja. Nilipomaliza jino la mwisho nilimpigia simu Dada nikamwambia nimefika hapo, na nikamuuliza macho yake yakoje. Akasema alifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho mwaka 2022 na sasa anasoma gazeti bila miwani. Nikamuuliza vidole. Akasema vidole vinauma, lakini tupa ni kazi ya bega, nani aliniambia ni kazi ya vidole?

Atakuja mwezi wa Julai pamoja na mwanawe, akipata viza. Waranti umo katika jiriwa, umefunikwa khanga, na nusu ya mabonde bado yanang'ara. Nimeshanunua tupa mpya, na nimetafuta taa ya kuweka chini kwa nyuma. Kiti cha bandani ni kirefu mno kwake, kwa hiyo nitakata miguu yake inchi mbili. Nitaikata kwa msumeno mwingine.